Kuotesha na Kutunza Panikamu, Nyasi ya Mapambo ya Miaka Mingi

Panikamu nyingi zinazoharibika bustanini huharibiwa na huduma iliyopita kiasi. Mwenye bustani huichimbia shimo na kulijaza samadi, huimwagilia kila jioni, huiongezea mbolea ya kukuzia kila inapoonekana kusita, kisha hushangaa mashina yake marefu na laini yanapolala chini baada ya mvua moja ya upepo. Nyasi hii, ambayo jina lake la kitaalamu ni Panicum virgatum, hudai mambo machache: jua la kutwa, udongo wa kawaida, maji ya uhakika katika msimu wake wa kwanza, na kukatwa mara moja kwa mwaka. Huchukua takribani misimu mitatu kufikia umbo lake kamili, na katika muda huo wote hamu ya kuisaidia huwa kubwa kuliko haja yenyewe.

Tabia ya nyasi hii

Asili ya panikamu ni Amerika Kaskazini. Huota yenyewe kuanzia kusini mwa Kanada, kupitia sehemu kubwa ya Marekani iliyo mashariki ya Milima ya Rocky, hadi Meksiko, na jina lake la kitaalamu lilitolewa na Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, mwaka 1753. Katika mbuga za nyasi ndefu za katikati ya Marekani ilikuwa miongoni mwa nyasi nne zilizotawala, pamoja na Andropogon gerardii, Sorghastrum nutans na Schizachyrium scoparium. Mbuga hizo zina majira ya joto kali, majira ya baridi yenye theluji, ukame wa mara kwa mara na moto, na zamani makundi makubwa ya baisani, yaani nyati wa Amerika, yalilisha humo. Mmea uliodumu katika mazingira ya namna hiyo ulilazimika kuweka akiba yake chini ya ardhi. Mizizi ya panikamu iliyokomaa inaweza kufika kina cha mita 3, na karibu na uso wa ardhi kuna mashina mafupi yanayotambaa chini kwa chini, ambayo kila mwaka hutoa machipukizi mapya. Baridi inapoingia, sehemu yote ya juu hukauka, na kilicho chini hubaki hai kikisubiri joto.

Joto hilo hulisubiri kwa subira kubwa. Panikamu hutumia ile njia ya usanisinuru inayoitwa C4, ambayo pia hutumiwa na mahindi, mtama na miwa, na ambayo hufanya kazi vizuri zaidi jua likiwa kali na hewa ikiwa ya moto. Ndiyo maana katika nchi zenye baridi huchelewa sana kuamka: mimea mingine huwa imekwisha kuchanua nayo ingali vishina vikavu. Asiyeijua huifukua akidhani imekufa, ilhali ingechipua baada ya wiki mbili au tatu. Ikiisha kuamka, hata hivyo, hukua kwa kasi. Nguvu yake ya kuzalisha majani mengi katika ardhi duni iliwafanya watafiti wa Marekani waichunguze kwa miaka mingi kama zao la nishati, hata Rais George W. Bush akaitaja katika hotuba yake ya Hali ya Taifa ya Januari 2006. Mmea unaoweza kukua hivyo pasipo kubembelezwa, ukipewa mbolea ya bustani ya maua, hurefuka kuliko uwezo wa mashina yake kujibeba.

Kichaka kilichokomaa huwa na majani yanayofika kimo cha sentimita 90 hadi 150 kutegemea aina, na mashuke hupanda juu zaidi, hata kuvuka mita 2 katika aina ndefu. Rangi hutofautiana kutoka kijani cha kawaida hadi kijani chenye ubuluu, nazo aina nyingine huingia wekundu kuanzia katikati ya majira ya joto. Mwisho wa mwaka karibu zote hugeuka manjano ya dhahabu. Hata hivyo, uzuri wake hasa umo katika shuke. Shuke la panikamu halikushikana kama la mtama. Lina vitawi vyembamba mno vinavyogawanyika tena na tena kuelekea pande zote, na kila ncha hubeba kishuke kimoja chenye urefu wa milimita 3 hadi 5, chenye rangi ya zambarau kinapofunguka. Likitazamwa kwa karibu asubuhi yenye umande, huonekana kila kishuke kimeshika tone lake peke yake, na vitawi vilivyokibeba havionekani kabisa mpaka jicho lizoee.

Kuchagua aina inayokufaa

Panikamu za asili zimegawanyika katika makundi mawili, na tofauti yake ina maana kwa mpandaji. Kundi la mabondeni lilizoea ardhi zenye maji zaidi na hali ya hewa ya joto zaidi. Nyasi zake ni ndefu, zina mashina manene, na hukaa katika vichaka vilivyoshikana. Kundi la miinuko lilizoea ardhi kavu na baridi kali; nyasi zake ni fupi na nyembamba zaidi. Mwenye bustani iliyo karibu na bwawa au yenye udongo wa mfinyanzi unaoshika maji ataridhika zaidi na nyasi zenye asili ya mabondeni, naye mwenye ardhi ya kichanga iliyo mlimani achague za miinuko.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji wa miche hulitaja kwa nadra, nalo ni urefu wa mchana. Panikamu huanza kutoa mashuke mchana unapofupika baada ya kilele cha majira ya joto, na kila jamii yake imezoea ratiba ya mahali ilipotoka. Nyasi ya kusini ikihamishiwa kaskazini huendelea kukua muda mrefu, hukawia kutoa mashuke, na huenda baridi ikaikuta haijajiandaa. Nyasi ya kaskazini ikihamishiwa kusini hutoa mashuke mapema na kubaki fupi. Kwa sababu hiyo, anayeishi katika nchi yenye joto ambako mchana haubadiliki sana mwaka mzima anapaswa kutafuta aina zenye asili ya kusini, ama sivyo atapata kichaka kifupi kilichoharakisha mambo yake. Anayeishi penye baridi kali afanye kinyume chake.

Kuhusu aina zilizochaguliwa kwa ajili ya bustani, ningeanza na 'Northwind'. Iliteuliwa na Roy Diblik, mkuzaji wa miche wa Marekani, na mwaka 2014 Perennial Plant Association, chama cha wakuzaji wa mimea ya miaka mingi, kiliipa heshima ya kuwa mmea wa mwaka. Sababu inaonekana mara mtu anapoitazama: majani yake mapana yenye kijani kilichokolea husimama wima kabisa, na mashuke hayatawanyiki kuangukia majirani. Kwa bustani ndogo, au kwa mtu anayetaka mmea mmoja tu, sioni iliyo bora kuliko hiyo. 'Heavy Metal' nayo husimama wima, ila majani yake yana ubuluu unaokaribia rangi ya chuma. 'Shenandoah', iliyotoka kwa mkuzaji Mjerumani Hans Simon, hufika kimo cha takribani mita 1.2 na ncha za majani yake huingia wekundu wa damu ya mzee muda mrefu kabla ya baridi. Hukua polepole kuliko nyingine, kwa hiyo anayeinunua ajiandae kusubiri. 'Dallas Blues' ina majani mapana zaidi na mashuke makubwa mazito, na 'Cloud Nine' huvuka mita 2, kimo kinachofaa kuzuia macho ya watu au kuficha ukuta usiopendeza.

Zipo pia mbegu za aina za malisho kama 'Alamo' na 'Kanlow', ambazo huuzwa kwa kilo kwa ajili ya mashamba. Hizo hufaa kwa kuzuia mmomonyoko wa udongo kwenye mteremko au kandokando ya mfereji. Bustanini huleta vichaka visivyolingana kimo wala umbo, kwa kuwa hazikuteuliwa kwa ajili ya sura.

Mahali na udongo

Jua lisipungue saa 6 kwa siku, na likiwa la kutwa ni bora zaidi. Hapa hapana njia ya mkato: panikamu iliyo kivulini hurefuka kuutafuta mwanga, mashina hudhoofika, na hakuna mti wa kuiegemeza utakaorudisha umbo lake. Ikiwa bustani yote ina kivuli, ni afadhali kutafuta mmea mwingine.

Kuhusu udongo, nyasi hii huvumilia mengi. Huota kwenye mfinyanzi na kwenye kichanga, kwenye udongo wenye asidi kiasi na wenye alkali kiasi, huvumilia mafuriko ya muda mfupi, na mizizi yake ikiisha kuzama huvumilia ukame pia. Isichovumilia ni maji yaliyotuama kwa muda mrefu wakati wa baridi, hasa kwa aina za miinuko, kwa kuwa huozesha kitako cha kichaka. Kujua hali ya mahali pako, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, uyaache yanywewe yote, kisha ulijaze tena. Ukikuta maji yangali yamesimama siku inayofuata, panda juu ya tuta lililoinuliwa sentimita 20 au zaidi, au chagua aina ya mabondeni. Usiongeze mchanga ndani ya shimo la mfinyanzi ukitumaini kupitisha maji, maana shimo hilo hugeuka kisima.

Kabla ya kuamua sehemu hasa, simama mahali utakapokuwa ukiitazamia bustani, asubuhi au jioni, uangalie jua linatokea wapi. Panikamu ipandwe mahali ambapo jua la chini litapita katikati ya mashuke kabla ya kumfikia mtazamaji. Shuke lile lile ambalo adhuhuri halionekani sana huwaka lote linapoangazwa kwa nyuma, na mwenye bustani asiyelizingatia hili hupoteza nusu ya faida ya mmea wake. Kiwepo pia kitu cheusi au kizito nyuma yake, kama ua wa miti ya kijani kilichokolea, kwa sababu mashuke mepesi hupotea machoni yakiwa mbele ya ukuta mweupe. Kati ya kitako chake na njia ya miguu pawe na nafasi ya sentimita 60 au zaidi, kwa kuwa mashuke yaliyolowa mvua huinama na kuwalowesha wapitao.

Kuhusu majirani, kule kuchelewa kwake kuamka kunaweza kugeuzwa kuwa faida. Mimea ya vitunguu vya maua inayochanua mapema hupata mwanga wa kutosha kandokando yake, na majani ya maua hayo yanapoanza kunyauka, nyasi huwa inapanda na kuyafunika. Baadaye katika mwaka hupatana sana na mimea ya jamii ya alizeti kama Echinacea, Rudbeckia na asta, ambayo nayo haipendi udongo wenye rutuba iliyozidi.

Kupanda miche

Penye majira ya baridi, panda wakati udongo umeshapata joto la takribani nyuzi 15 za Selsiasi na ungali na miezi ya joto mbele yake. Mche uliopandwa mwishoni mwa mwaka hauna muda wa kuotesha mizizi, kwa kuwa mizizi ya nyasi za joto husimama udongo unapopoa, na wengi hupotea kabla ya msimu mwingine. Penye joto mwaka mzima, mwanzo wa mvua ndio wakati mzuri.

Ondoa magugu yote ya kudumu kabla ya kuchimba, hususan yale yenye mizizi inayotambaa, kwa sababu yakishaingia ndani ya kichaka hayatoki bila kukifukua chote. Shimo liwe na upana mara mbili wa bonge la mizizi, na kina chake kilingane na bonge hilo. Toa mche kwenye kopo uangalie mizizi. Ikiwa imezunguka na kujisokota, ikate kwa kisu wima katika sehemu tatu au nne, na usiionee huruma, kwa kuwa mizizi iliyojisokota huendelea kuzunguka hata ardhini na kuuacha mche ukiyumba. Uso wa bonge ulingane na uso wa ardhi. Kitako kikizikwa huoza, na kikiachwa juu hukauka. Rudisha udongo ule ule uliochimba, ushindilie kwa mikono, kisha mwagilia taratibu mpaka maji yazame mpaka chini ya bonge.

Samadi na mbolea ya chumvichumvi visiwekwe shimoni. Ikiwa udongo ni kichanga kitupu, kiasi kidogo cha mboji iliyoiva kinatosha. Kati ya mche na mche acha sentimita 60 hadi 90 kwa aina za kimo cha wastani, na sentimita 90 hadi 120 kwa zile zinazovuka mita 2. Mwaka wa kwanza nafasi hizo zitaonekana kubwa mno, nawe utashawishika kuzijaza. Panda humo maua ya msimu mmoja, wala usisogeze nyasi karibu.

Panikamu hukubali pia kupandwa kwenye chungu, mradi kiwe na upana wa sentimita 40 au zaidi, kiwe kirefu, na kiwe na matundu ya kutosha. Kwa kuwa mizizi imezuiliwa kwenda chini, ule uvumilivu wa ukame hauwezi kutegemewa tena, na chungu kitahitaji maji kila udongo wa juu unapokauka.

Kuanzia kwenye mbegu

Aina zenye majina huoteshwa kwa kugawanya vichaka tu, kwa sababu miche ya mbegu zake haitafanana na mzazi. Mbegu hufaa kwa mtu anayetaka panikamu ya asili, au anayehitaji miche mingi kwa eneo kubwa.

Mbegu hizi ni ndogo, laini na zinang'aa, na gramu moja huwa na mbegu mia kadhaa. Zikiwa zimevunwa karibuni, nyingi hukataa kuota ingawa ni hai, kwa kuwa zimelala; porini, usingizi huo huzizuia zisichipue mwishoni mwa joto zikauawa na baridi. Unaweza kuuondoa kwa kuzihifadhi mahali pakavu kwa mwaka mmoja, au kwa kuziweka kwenye ubaridi wenye unyevu. Kwa njia hii ya pili, changanya mbegu na mchanga safi ulioloweshwa kiasi kwamba ukiukamua mkononi hautoi tone, weka mchanganyiko ndani ya mfuko wa plastiki, na uuhifadhi ndani ya jokofu, kwenye nyuzi 4 hivi, kwa wiki 2 hadi 4. Baada ya hapo zipandwe mara moja, kwani zikikauka tena baadhi yake hurudi kulala.

Zisie kwenye trei au kitalu chenye udongo tifutifu, kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, kisha zikandamizwe kwa ubao ili zigusane na udongo pande zote. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 20 hadi 30, miche huanza kuonekana ndani ya wiki moja hadi tatu. Kipindi kinachofuata ndicho cha hatari zaidi katika maisha yote ya nyasi hii, na inafaa kueleza sababu yake. Mzizi wa kwanza unaotoka kwenye mbegu ni wa muda tu. Mche husukuma kitako chake juu, karibu kabisa na uso wa udongo, na kutoka hapo ndipo huotesha mizizi ya kudumu. Ikiwa sentimita moja ya juu ya udongo imekauka siku hizo, mizizi mipya hukutana na vumbi na kukoma, na mche ulioonekana mzima kwa wiki kadhaa hunyauka ghafla huku udongo wa chini ukiwa na unyevu mwingi. Kwa hiyo nyunyizia maji mepesi mara kwa mara mpaka mche uwe na majani manne au matano, na ukiuvuta kidogo uhisi umeshika. Kuanzia hapo punguza idadi ya siku za kumwagilia na uongeze kiasi cha maji, ili mizizi ivutwe kwenda chini.

Hamishia miche kwenye vikopo ifikapo kimo cha sentimita 8 hadi 10, na bustanini ikiwa imejaza vikopo hivyo kwa mizizi. Usitarajie mashuke ya maana mwaka wa kwanza.

Msimu wa kwanza na inayofuata

Katika msimu wa kwanza, ingiza kidole kwenye udongo karibu na mche. Ukikuta pakavu kwa kina cha sentimita 5, mwagilia kwa wingi. Ukikuta unyevu, acha. Mara moja kwa wiki hutosha katika udongo wa wastani, na mara mbili katika kichanga wakati wa joto kali. Kuanzia msimu wa pili, panikamu iliyo ardhini huhitaji maji katika ukame mrefu tu, na dalili yake ni majani kujikunja kwa urefu mchana na kubaki yamekunjwa hata jioni.

Palizi ina uzito kuliko maji. Mwaka wa kwanza nyasi hii hujenga mizizi zaidi kuliko majani, kwa hiyo magugu huipita na kuifunika kwa urahisi. Tatizo ni kwamba miche yake hufanana na nyasi nyingine nyingi. Ukiwa na shaka, chukua jani moja ulikunjue taratibu pale linapoachana na shina. Kwa ndani utaona ukingo wa vinyweleo vyeupe vilivyosimama, na juu ya jani lenyewe, karibu na ungio hilo, pana kiraka cha vinyweleo laini ambacho mara nyingi kina umbo la herufi V. Shina nalo ni la mviringo, halikubapa. Gugu lisilo na alama hizo ling'olewe bila wasiwasi. Tandaza matandazo ya sentimita 5 kati ya miche, yasiguse vitako.

Mbolea sishauri kabisa, isipokuwa kwenye chungu, ambako mboji kidogo juu ya udongo kila mwanzo wa msimu inatosha. Ardhini, naitrojeni inayozidi huleta majani mengi mepesi, mashina laini na rangi hafifu, na wekundu wa 'Shenandoah' au ubuluu wa 'Heavy Metal' hupungua.

Kukata kwa mwaka

Mashina makavu yaachwe yamesimama muda wote wa baridi. Hulinda kitako dhidi ya barafu, ndege hula mbegu zake na wadudu hujihifadhi ndani yake, na bustani hubaki na kitu cha kutazamwa. Kata mwishoni mwa baridi, kabla ya machipukizi mapya kufika kimo cha mkato, ukiacha sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Funga kichaka kwa kamba kama mganda kabla ya kukata, kisha pitisha mundu au mkasi mkubwa chini ya kamba, na mzigo wote utatoka kwa mara moja pasipo kutapakaa. Vaa glavu na mikono mirefu, maana kingo za majani makavu hukata ngozi. Ukichelewa na ncha za machipukizi zikakatwa, nyasi haitakufa, lakini majani yatabaki na ncha butu msimu mzima.

Penye joto mwaka mzima, ambapo nyasi haikauki yote, kata mara moja kabla ya mvua kuanza. Na mahali panapopatwa na moto wa nyika mashina makavu yasiachwe karibu na nyumba. Hapo usalama uje kwanza na ndege baadaye.

Matatizo machache

Mashina yakilala, chunguza kwanza kivuli, mbolea na maji kupita kiasi, kwa utaratibu huo. Kuyafungia kwenye mti husaidia msimu mmoja tu. Kisichohusiana na hayo ni kichaka kilichozeeka na kuwa tupu katikati, ambacho dawa yake ni kukigawanya.

Ugonjwa unaoonekana zaidi ni kutu, kuvu unaoacha vidonda vidogo vya rangi ya chungwa na kahawia juu ya majani, ambavyo ukivipangusa huacha unga kidoleni. Hutokea zaidi penye unyevu, joto na msongamano. Kwa kawaida hauui mmea, na kunyunyizia dawa katika bustani ya nyumbani sioni kuwa kuna haja: acha nafasi ya hewa kupita, mwagilia udongo na si majani, na mwishoni mwa msimu ondoa majani yote yaliyougua.

Panikamu hujipanda yenyewe kwa mbegu. Bustanini miche hiyo hung'olewa kwa urahisi ingali midogo, lakini nje ya Amerika Kaskazini, hasa karibu na mbuga au vijito vya asili, kata mashuke kabla mbegu hazijakomaa. Hasara ya mapambo ya miezi michache ni ndogo kuliko ya kuachilia mmea mgeni porini.

Tahadhari kubwa ni kwa wafugaji. Nyasi hii ina saponini, kemikali za asili za mimea, zinazoweza kudhuru ini la farasi, mbuzi na kondoo, na mnyama aliyeathirika huungua ngozi anapokaa juani. Isipandwe mahali wanyama hao wanapoweza kuifikia, na mabaki ya mkato wa mwaka yasitupwe kwenye zizi lao.

Kugawanya kichaka

Kichaka kikae miaka 4 au 5 kabla ya kuguswa, au zaidi kikiwa bado kimejaa katikati. Wakati wa kugawanya ni mwanzo wa msimu wa joto, machipukizi yanapoonekana yakiwa na urefu wa sentimita chache. Kugawanya mwishoni mwa mwaka huua vipande vingi kwa sababu ile ile iliyotajwa kuhusu miche.

Mwagilia siku moja kabla. Chimba duara kuzunguka kichaka kwa sepeto lenye makali, kwa kina cha sentimita 25 hadi 30, kisha kiinue. Mizizi ya chini zaidi itabaki ardhini na hilo halina madhara. Kitako ni kigumu mno, na kwa kichaka kikubwa msumeno wa zamani hufanya kazi vizuri kuliko sepeto. Kata vipande vya ukubwa wa ngumi mbili, kila kimoja kikiwa na machipukizi matano au zaidi na mizizi yake, vikitoka kwenye ukingo wa nje ambako mmea una nguvu. Katikati palipokauka patupwe. Vifunike vipande kwa gunia lenye maji unapoendelea kufanya kazi, kwani mizizi ikipigwa na jua kwa nusu saa huharibika, na uvipande siku hiyo hiyo kwa kina kile kile vilivyokuwa. Kisha vihesabiwe kuwa miche mipya: maji ya msimu mmoja, palizi ya karibu, na hakuna mbolea.